Barua kwa Bakari: nusu saa ya chai

Mwanangu Bakari,

Marahaba, baba. Sauti uliyonitumia kwenye WhatsApp nimeipata, dakika saba nzima, nikaisikiliza mara mbili huku nachambua mchele. Mara ya pili ilibidi Mwanaisha aninong'onezee maneno, maana nyuma yako kulikuwa na bodaboda inanguruma kama iko jikoni kwangu. Mimi nakujibu kwa karatasi, dadako ataipiga picha akurushie. Usicheke. Unajua msimamo wangu: karatasi ina aibu, mashine haina.

Umeniuliza hivi: mkuu wa idara yenu anasema jambo kikaoni Jumatatu, Alhamisi anakana, muhtasari unaandikwa anavyotaka yeye na lawama inakushukia wewe, je, uwe unawasha simu mfukoni na kurekodi vikao bila kumwambia mtu? Ukaongeza kwamba siku hizi usiku hulali, unasikiliza mikanda ya Ikulu ya Marekani ya zamani zile za Rais Kennedy, na umefika pale majenerali walipobaki chumbani peke yao. Ulikuwa unacheka ukinisimulia.

Mimi sikucheka, Bakari.

Najua unachokisema. Mwaka 1962 Kennedy aliwatega watu wake mwenyewe. Kwenye chumba cha baraza la mawaziri waliweka maikrofoni mbili ukutani nyuma ya kiti chake, mahali palipokuwa pametundikwa taa, swichi ikawa mezani pake, na mashine zenyewe zikazungukia huko chini ya jengo. Mawaziri wanaingia, wanavuta viti, wanakohoa, wanabishana, hawana habari. Oktoba 19 akakaa na wakuu wa majeshi, makombora ya Warusi yako Cuba. Wao wanataka ndege ziende zikapige, yeye anawavuta shati. Kikao kikaisha, akatoka, kanda ikaendelea kuzunguka. Na wale watu wazima, na nyota zao mabegani, wakaanza kumsema mgongo wake haujafika mbali: mmoja anampongeza LeMay, yule wa jeshi la anga, kwa namna alivyomkalisha rais, na LeMay anataka aambiwe zaidi.

Wewe umesikia majenerali. Mimi nimesikia vikombe.

Swali lako ni kama urekodi au usirekodi. Ningekuwa wewe ningeuliza kwanza nani atakuja kukaa aisikilize hiyo kanda, na atainuka pale akiwa mtu gani. Hilo nalijua kidogo. Nimefanya uhazili miaka thelathini na saba, na nimewahi kutega mashine mara moja tu maishani.

Hujapata kusimuliwa. Babako alijua nusu.

Ilikuwa wakati tunaishi Ngamiani, Tanga, barabara ya 12, kile chumba cha kupanga ambacho Mwanaisha alikuwa analala kwenye mkeka chini ya meza. Wewe ulikuwa tumboni, mwezi wa nane. Ofisini kukawa na kikao cha kugawa kota, nyumba za serikali, sita, zimetoka kupakwa rangi. Waombaji wengi, na jina langu lilikuwemo kwenye orodha, namba nne. Nilipaswa kuwa namba mbili, lakini hayo tuyaache. Asubuhi ile ofisa mmoja akaniletea redio kaseti yake ndogo ya betri. Akaniambia, "Mama Mwanaisha, kikao cha leo kitakuwa na maneno mengi, hatimkato yako haitayafukuza yote. Iweke kwenye droo, uache wazi kidogo. Wakiiona watafunga midomo."

Hatimkato yangu, yale maandishi yetu ya mkato, haitayafukuza! Mimi niliyetoka Chuo cha Uhazili Tabora na maneno mia kwa dakika! Nilikasirika, lakini nikaiweka. Kaseti ya dakika tisini, juu yake nikaweka majalada mawili.

Mwenyekiti akaita chai saa nne na nusu. Upande wa kwanza ulikuwa umekatika muda huohuo, nikaugeuza kwa mazoea tu kama mtu anavyofunga bomba, nikatoka. Miguu ilikuwa imevimba, nikaenda kukaa kibarazani kwenye upepo. Saa tano tukarudi. Wakasoma orodha, na walipofika namba nne mwenyekiti akasema bila kuniangalia kwamba mhusika bado ana muda mfupi kazini, apewe nafasi siku zijazo. Nikaandika. Jina langu mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hatimkato safi kabisa. Nilikuwa na miaka saba kazini.

Saa tisa na nusu wenzangu wakatoka, nikabaki na taipu ili niumalizie ule muhtasari. Nikawasha kaseti nijaze mapengo. Nilipofika upande wa pili ningeweza kuusogeza mbele, chai haiandikwi. Sijui kwa nini sikuusogeza.

Kwanza viti. Hujui viti vina kelele kiasi gani mpaka usikie chumba bila kukiona. Kisha pangaboi, kijiko ndani ya kikombe, mtu anapuliza chai, mtu anauliza kama vitumbua vimebaki. Watu wanatoka, sauti zinapungua, wanabaki wachache. Halafu mmoja anasema, "Huyu wa nne mfuteni. Ana mume, mume atamtafutia." Mwingine: "Na tumbo lile, mwezi ujao hayupo. Nyumba tumpe nani, paka?" Wakacheka.

Kati ya waliocheka nilimtambua mmoja. Jina lake silitii kwenye karatasi hii, unamjua, ndiye aliyekupa baiskeli ulipoingia darasa la tatu. Hakusema neno. Angesema neno ningebishana nalo kichwani hadi leo na huenda ningeshinda. Alicheka tu, kile kicheko chake cha kukohoa unachokipenda. Mwanangu, nimekula pilau nyumbani kwa mtu yule Idd ngapi, na kwenye arobaini yake nimekaa na wanawe nikawaosha vyombo, na kila mara nilipokisikia kicheko kile palikuwa na droo inafunguka kidogo.

Mambo hayakuishia hapo kwenye kanda, na hapa ndipo moyo wangu unaponichanganya. Walitoka. Chumba kikabaki kitupu, pangaboi tu. Akaingia Mama Zuhura kukusanya vyombo. Unamkumbuka Mama Zuhura wa chai, aliyekuwa akikufungia mihogo kwenye gazeti. Nadhani alikuwa nyuma ya mlango muda wote ule, maana aliweka sinia kwa kishindo akasema, wazi kabisa, peke yake: "Watu wazima ovyo." Kisha akaanza kuimba. Polepole, wimbo wa lelemama, wa harusini, huku anapanga vikombe. Dakika kumi hivi. Sijapata kusikia mtu akiimba vizuri vile kwenye chumba cha serikali.

Nilikaa pale na kanda inazunguka hadi Magharibi ikaadhiniwa. Kisha nikachapa: "Kikao kiliahirishwa saa 4:30 kwa ajili ya chai na kurejea saa 5:00." Mstari mmoja tu. Ukiufukua leo huko masjala utakuta uko sahihi, hauna kosa hata la nukta.

Karatasi ina aibu, nakwambia. Lakini nimelala na jambo hili miaka mingi, na mara nyingine saa nane za usiku najiuliza, aibu ya nani? Ule mstari ulimsitiri nani? Mimi haukunisitiri. Uliwasitiri wao. Na hapo najikuta upande wako, nasema rekodi, mwanangu, rekodi hata pumzi zao. Kisha nakumbuka ule wimbo. Mama Zuhura hakuwa mjumbe wa kikao, hakuomba kota, na mimi nilimsikia akiwa peke yake kama mtu anayechungulia bafu la mwenzake. Nilimwibia. Na kitu nilichomwibia ndicho kilichonifuta machozi.

Usidhani pia mashine itakulinda wewe uliyeiwasha. Tabora mwalimu wetu wa hatimkato alikuwa na gazeti la zamani lenye picha ya Rose Mary Woods, mhazili wa Rais Nixon wa Marekani. Nixon alitega zaidi ya Kennedy, saa elfu kadhaa za kanda, na kwenye kanda ya Juni 20, 1972 kukakutwa dakika kumi na nane na nusu ni mlio tu, maneno hakuna. Bibi yule akasema labda dakika tano hivi ni yeye: alikuwa anachapa, simu ikalia, akanyoosha mkono huku mguu uko kwenye pedali, akabonyeza kitufe kisicho chake. Wakampiga picha akionyesha alivyojinyoosha. Darasa zima, wasichana thelathini, tulijaribu lile pozi siku ile, mkono mmoja dirishani, mguu chini ya meza. Tulianguka kwa kucheka. Haiwezekani, Bakari, labda uwe pweza. Wataalamu nao walikuja kusema kanda ilifutwa vipande vipande, si chini ya mara tano, kila mara kwa kubonyezwa vitufe kwa mkono. Nixon aliondoka Ikulu Agosti 1974 kwa mambo aliyoyasema mwenyewe kwenye kanda zake, lakini picha ambayo sisi tulionyeshwa darasani ilikuwa ya mhazili. Mkubwa anategesha, mdogo anabaki na mguu kwenye pedali.

Lakini ngoja, nisijipe ushindi mapema. Wewe mwenyewe ndiye uliyenitumia, mwaka 2019, ile kanda nyingine ya Nixon. Oktoba 1971 mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, babu yako anatoka reli na baiskeli, anawasha redio kabla hata ya kuvua viatu. Umoja wa Mataifa umepiga kura China iingie: 76 wamekubali, 35 wamekataa, 17 wamejizuia. Na Watanzania wetu ukumbini wamesimama wanacheza, na balozi wetu Salim Ahmed Salim ana miaka 29. Babu yako alitoka uani akacheza naye. Peke yake, na kofia ya reli, kuku wanakimbia. Mama akasema mzee kapandwa.

Kwenye karatasi habari hiyo ni ile kura tu. Kumbe siku iliyofuata Reagan, wakati huo gavana wa California, alimpigia Nixon simu, na mashine ya Nixon ikainasa: anawaita wale wajumbe wa Afrika nyani, ambao mpaka leo viatu vinawapa tabu. Nixon anacheka. Kanda hiyo ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 2000, maneno hayo yalikatwa, eti ni faragha ya Reagan, bado yu hai. Yalitoka yote 2019. Kati ya simu ile na kutolewa kwa kanda, Salim aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 1981, Reagan akiwa ndiye rais, na Marekani ikamwekea kura ya turufu raundi baada ya raundi. Wazee wa huku walisema tangu zamani kwamba ile ngoma haijasamehewa. Tukawa tunawaambia wana maneno ya vijiweni.

Nilisikiliza ile kanda nimekaa kitandani kwa babu yako, miaka mingi amekwisha zikwa, na nilichokisikia mimi ni kicheko. Siyo tusi. Kicheko cha yule wa upande wa pili wa simu. Nikasema, aa, wewe nakujua.

Sasa je, babu yako angetaka kusikia? Sijui niseme ndiyo. Yule mzee alicheza uani na furaha yake ilikuwa nzima. Lakini pia alikuwa mtu wa kusema nipe ukweli, uji wa moto nitaupuliza mwenyewe. Basi angetaka. Au angetaka halafu asicheze tena. Unaona unavyonichosha na maswali yako?

Ile kaseti sikuirudisha. Ofisa nilimnunulia mpya, nikamwambia ya kwanza imemezwa na redio. Niliiweka kwenye lile sanduku la bati chini ya khanga, upande A kikao, upande B chai. Sikuisikiliza tena, ila nilijua ipo. Na wewe, ukiwa na miaka tisa, ukaitoa ukarekodia mpira, Simba na Yanga, dakika arobaini na tano za mtangazaji anapiga kelele. Ndiyo siku ile niliyokuchapa kwa ndara mpaka jirani akaingia. Umekuwa ukinitania kwamba nilikuchapa kwa sababu Yanga ilifungwa. Haikuwa Yanga, mwanangu. Nisamehe. Na babako alinisema sana usiku ule, na sikuweza kumjibu.

Kuhusu simu mfukoni, uamuzi sikupi. Ninao, uko hapa kwenye ncha ya kalamu, na nikiendelea mistari miwili mingine utadondoka, ndiyo maana naukalia. Nitakwambia tu kwamba ukirekodi, chai izime. Aa, hapana, hata hilo nisingelisema, maana kwangu mimi chai ndiyo ilikuwa kikao. Fanya unavyofanya, ila usinitumie nisikilize.

Mwanaisha anakusalimu, anauliza ile hela ya bati. Mwezi uliopita nilikwenda Pangani kumwona Mama Zuhura, yuko kwa mwanawe, macho yamepungua ila ulimi uleule. Nilimuuliza kama anaukumbuka wimbo aliokuwa akiimba wakati wa kukusanya vikombe. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema yeye, kazini, hajapata kuimba hata siku moja.

Mamako