Jimbo likiomba ufilisi, kesi za waathirika zinakwenda wapi?

SWALI: Wakili, mimi ni mwanafunzi wa sheria hapa Moshi. Nimesoma kwamba Jimbo Kuu Katoliki la Baltimore, Marekani, liliomba ufilisi mwaka 2023 kwa sababu ya madai ya watu walionyanyaswa kingono wakiwa watoto. Jimbo lenye makanisa na shule kila kona linafilisikaje? Na kesi za waathirika ndiyo zimekufa?

JIBU: Ndugu yangu, neno "kufilisika" ndilo linalokuchanganya. Kilichoombwa ni hifadhi ya Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani. Mdaiwa hupewa nafasi ya kupanga madeni yake upya huku akiendelea na shughuli zake, wala hatakiwi kuthibitisha kwamba kapu limekauka. Misa zinaendelea kama kawaida. Tena, wadai hawawezi kulisukuma kwa nguvu shirika lisilo la kibiashara liingie kwenye ufilisi. Jimbo huingia lenyewe, kwa siku linayoichagua.

Na siku yenyewe ina maana yake. Maryland, jimbo la kiserikali ilimo Baltimore, ilikuwa imepitisha sheria ya kufuta ukomo wa muda wa kufungua kesi hizi, ianze kutumika Oktoba 1, 2023. Jimbo Kuu likawasilisha maombi yake Septemba 29. Maombi yakishapokelewa, kesi za madai dhidi ya jimbo husimama papo hapo. Hazijafa, zimesimama. Badala ya kila mwathirika kusikilizwa kwa zamu yake na juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi, wote huelekezwa kwenye fomu ya dai, yenye tarehe ya mwisho inayopangwa na mahakama. Anayechelewa kwa kawaida hukosa. Mtu aliyenyamaza miaka 40 anapewa miezi tu ya kusema.

Kwa maoni yangu, hasara kubwa hapo si fedha. Ni kukosa kumwona askofu akihojiwa kwa kiapo mbele ya watu, na mafaili ya zamani yakisomwa hadharani. Hata hivyo mawakili wa majimbo wana hoja ambayo siwezi kuipuuza: bila utaratibu huu, wachache wa mwanzo wangeweza kushinda na kukomba kila kitu, wa mwisho akaondoka mikono mitupu.

Sasa mali, na hapa ndipo penye utamu kwa mwanafunzi. Jimbo Kuu la Portland, Oregon, lilikuwa la kwanza kuomba ufilisi, Julai 2004. Lilisema makanisa na shule si zake, kwa kuwa Sheria za Kanisa zinaitambua kila parokia kama nafsi ya kisheria yenye mali yake. Waathirika wakajibu: hati za umiliki zinasomaje? Zilisoma jina la jimbo. Desemba 2005 jaji wa ufilisi akaamua kwamba linaloangaliwa ni sheria ya nchi, na mali hiyo ihesabiwe kuwa ya jimbo. Katika Jimbo la Spokane jaji wa ufilisi aliamua vivyo hivyo, lakini mwaka 2006 mahakama ya juu yake ikatengua. Majimbo kadhaa yakasoma alama za nyakati, yakaanza kusajili parokia zake moja moja.

Jimbo Kuu la Milwaukee lilikwenda njia nyingine. Mwaka 2007 zaidi ya dola milioni 50 zilihamishiwa kwenye amana ya makaburi, yaani mfuko wa pekee wa kuyatunza. Ufilisi ukaja 2011. Jimbo lilipojitetea kwamba kuzigusa fedha hizo ni kuingilia uhuru wa dini, mahakama ya rufaa ilikataa utetezi huo mwaka 2015.

Fedha za malipo hutoka wapi? Mara nyingi sehemu kubwa ni ya kampuni za bima, kwa mikataba ya miongo iliyopita, na ndiyo maana mabishano na watu wa bima huchukua miaka. Jimbo la Rockville Centre, New York, liliomba ufilisi mwaka 2020 na kufikia mapatano ya dola milioni 323 mwaka 2024. Parokia nazo huchangia, zikitarajia zisishtakiwe tena. Tarajio hilo lilitikiswa Juni 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua, katika shauri la kampuni ya dawa ya Purdue Pharma, kwamba mpango wa ufilisi hauwezi kumkinga asiyeomba ufilisi bila ridhaa ya wanaomdai. Kwa hiyo sasa parokia ikitaka kinga, inabidi ipate ridhaa ya waathirika wenyewe.