Hewa ya chumbani ndo inanishushia HRV?

SWALI: Daktari shikamoo. Nina saa janja ambayo kila asubuhi inanipa namba ya HRV, yani ule utofauti wa muda kati ya pigo moja la moyo na linalofuata. Nikilala madirisha yamefungwa namba inashuka, na kale kamita ka hewa nilikonunua kananiambia kaboni dayoksaidi imefika ppm 2,000, yani sehemu 2,000 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Hiyo hewa ndo inachosha moyo wangu? Na mbona sisikii kama nakosa pumzi?

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo la mwisho maana ndo lenye utamu. Kinachokufanya utamani kuvuta pumzi kwa kawaida sio oksijeni kupungua kama wengi wanavyodhani, ni kaboni dayoksaidi kupanda kwenye damu. Ikiingia kwenye ubongo inaongeza asidi, na kwenye shina la ubongo kuna seli zinazoipima hiyo asidi muda wote, ikizidi kidogo tu zinaamrisha kifua kivute kwa nguvu zaidi. Wanasayansi Haldane na Priestley walishalionyesha hili Uingereza mwaka 1905. Bana pumzi sasa hivi uone, ile hamu ya kuachia inakuja wakati oksijeni bado unayo ya kutosha kabisa.

Ila ppm 2,000 ni asilimia 0.2 tu, wakati pumzi unayoitoa wewe mwenyewe ina kama asilimia 4. Kwa kiwango hicho mwili unapumua zaidi kidogo sana, basi, wewe umelala huna habari. Watu wakivutishwa asilimia 5 maabara ndo utawaona wanahema haswa, moyo unaenda mbio na presha inapanda.

Sasa HRV. Weka vidole kwenye mshipa wa mkono, upande wa kidole gumba, halafu vuta pumzi taratibu: mapigo yanaharakisha. Itoe taratibu: yanapungua kasi. Hiyo ni neva ya vagasi, breki ya moyo, ukivuta pumzi inalegea na ukitoa inakaza. Kwa hiyo namba ya saa yako inategemea sana unavyopumua, ukipumua polepole kwa kina inapanda, ukipumua harakaharaka juujuu inashuka, hata kama moyo wenyewe haujabadilika chochote. Na kaboni dayoksaidi ikizidi kweli inavuta pande mbili: inakufanya upumue kwa kina, hapo utofauti unaongezeka, halafu hapohapo inaamsha neva za simpathetiki zinazokimbiza moyo. Ndo maana kuilaumu hewa kwa kuangalia saa peke yake mi naona ni kukurupuka.

Kwako mi ningeshuku joto kwanza. Chumba kikifungwa kinapata joto, unatoka jasho, usingizi unakatikakatika, na hayo yanatosha kushusha HRV. Pombe nayo, ukinywa usiku, ni mbaya kuliko hiyo ppm yako. Lala kwa muda uleule, usiku mmoja fungua dirisha, mwingine funga ila uwashe feni, rudia wiki mbili tatu ndo ulinganishe. Kama kwa feni namba inakaa vizuri wakati ppm bado iko juu, basi hewa haina kesi.

Halafu, kamita hako hakapimi kaboni monoksaidi, ambayo ni gesi nyingine kabisa na inaua bila kukufanya uheme. Kama humo ndani kuna kitu chochote kinachowaka usiku, kitoe leo hii.