Nimeng'atwa na mbwa, nijitwaharishe kwanza au niende hospitali?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Jana natoka kuswali Isha mbwa kaniuma mguuni juu kidogo ya kifundo, damu haikua nyingi ila suruali imechanika. Jamaa akanambia hio ni najisi nzito nipake udongo mara saba, nikapaka, sasa kidonda kinafukuta. Alfajiri na Adhuhuri sijaswali kwa sababu najiona nina najisi. Na hospitali nimeogopa kwenda maana nimefunga sunna, sindano si itaniharibia funga?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Ndugu yangu, kama bado hujaenda hospitali basi osha kidonda kwa sabuni na maji, weka simu mfukoni uende sasa hivi, jibu utalisomea kwenye foleni. Sikutanii. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonesha dalili, mtu akaanza kushtuka akiona maji na kuweweseka, hapo karibu kila anaefikia hio hatua hufa. Lakini kabla ya dalili chanjo inazuia vizuri kabisa, na ugonjwa wenyewe unaweza kukaa kimya wiki kadhaa au miezi kabla haujajitokeza, kwa hio usiseme mbona leo niko fiti tu. Na damu kua kidogo sio hoja, mchubuko tu wa jino unatosha kupitisha mate.

Sasa tuje kwenye huo udongo maana ndo umekuletea balaa. Asili yake ni hadithi ya Abu Hurayra iliyoko kwenye kitabu cha Imam Muslim, kwamba chombo kikilambwa na mbwa twahara yake ni kukiosha mara saba, ya kwanza kwa udongo. Hadithi imetaja chombo. Sisi Mashafii, yaani wa madhehebu ya Imam Shafi, tumeupima mwili na nguo kwa hicho chombo, ndo maana jamaa yako akasema alichosema na hajatunga. Wamaliki wao wanaona mbwa alie hai ni twahara na kule kuosha chombo ni ibada tu, na Mahanafi mate yake ni najisi ila hawaweki sharti la mara saba. Nakwambia haya ujue jambo lina upana, sio kila mtu na lake.

Ila kidonda kibichi sio sahani jamani. Udongo ndo makazi ya vijidudu vya pepopunda, ukiusugua kwenye nyama iliyo wazi unaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Wapo wanazuoni, na Mahanbali wanajulikana zaidi kwa hili, wanaosema sabuni na mfano wake inakaa mahala pa udongo, na mimi kwenye kidonda naifuata kauli hio bila kigugumizi. Na angalia rehema ya Allah, madaktari nao wanachotaka ni hicho hicho: ukiumwa tu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 hivi, halafu tia dawa ya kuua vijidudu kama aidini. Dakika 15 za maji yanayopita hio saba umeshaivuka zamani, kwa hio twahara na tiba umezipata kwenye bomba moja. Hata sasa hivi ambapo umechelewa, osha tu, utoe na huo udongo, kisha ndo uende.

Mimi mwenyewe yalinikuta miaka ya nyuma nikienda Alfajiri, giza, mbwa akanishika kwenye muundi. Nikakaa bombani nahesabu moja, mbili, tatu, nikifika saba nasita, nasikia kama mate bado yapo, naanza upya. Nesi alivyonikuta na mguu umekunjamana kwa maji nikamueleza kwa aibu, akacheka akasema hapo sheikh wasiwasi wako umekusaidia. Wasiwasi siusifii, ni siku ile tu ulinifaa.

Na usije ukawaza mate yameingia ndani ya damu kwa hio mwili mzima umenajisika. Windo alilolishika mbwa wa kuwinda, Mashafii wanasema pale alipong'ata panaoshwa kwa maji na udongo, na kauli sahihi zaidi kwao ni kwamba hapahitaji kukatwa na kutupwa. Nyama ya swala haikatwi, itakua mguu wako?

Kuna kisa amekipokea Abu Dawud kutoka kwa Jabir, mtu alipigwa jiwe kichwani safarini, akaota ndoto inayowajibisha kuoga, akauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, yaani kutumia udongo badala ya maji, wakamwambia hatuoni ruhusa wakati maji unayaweza. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipoambiwa akasema wamemuua, Allah awaue, kwa nini hawakuuliza pale wasipojua. Kila nikisikia mtu kampakaza mwenzie udongo kwenye kidonda kwa jina la dini nakikumbuka kisa hiki. Jamaa yako nia yake nzuri, mwambie tu kwa upole.

Sindano ya chanjo inachomwa mkononi kwenye msuli, haikulishi wala haishibishi, funga yako haiguswi. Na hata ukipata homa baadae ukashindwa, funga ya sunna unaivunja bila dhambi. Sindano zenyewe ni kadhaa, siku ya kwanza, ya 3, ya 7 na kuendelea kulingana na ratiba watakayokupa, usikatishe katikati eti umepona. Wakiona jeraha linahitaji wanaongeza na sindano ya kinga pale pale kwenye kidonda, hio inauma kidogo, na waulize pia ya pepopunda.

Mbwa mwenyewe usikimbilie kumuua. Ni kweli mbwa mkali anaeuma ametajwa katika wanyama watano wanaouliwa hata ndani ya Haram, eneo takatifu la Makka, lakini kama anafahamika mwenyewe wamfungie, wamwangalie siku 10, akibaki mzima ni habari njema kwako, ila chanjo usiisubirishe kwa ajili hio. Na mwenyewe kama alikua anajua mbwa wake anauma na akamuacha anazurura, basi yeye ni dhamini, gharama za matibabu na suruali mdai, ni haki yako.

Udhu wako haukutenguka kwa kuumwa wala kwa ile damu, kwetu Mashafii. Alfajiri na Adhuhuri zilipe leo leo, Alfajiri kwanza, maana najisi haikua udhuru wa kuacha swala. Bandeji ikishafungwa swali nayo, hapo utaratibu wa udhu uniulize nikuelekeze kulingana na ilivyofungwa. Suruali ndo ioshe mara saba, moja iwe na maji ya udongo, huko udongo haudhuru kitu.

Wallahu aalam.