Mausi inagandaganda? Usipeleke laptopu kwa fundi kwanza

Mkuu simama hapo hapo ulipo. Umesema mausi yako isiyo na waya inagandaganda hasa ukiwa unahamisha muvi kwenda kwenye eksteno (ile diski ya nje ya kuchomeka), na kesho unapeleka laptopu ikapigwe Windows upya. Usipeleke!! Mimi nilipeleka, na mpaka leo nikikatiza ule mtaa pale Kariakoo najifanya naongea na simu.

Mimi naediti video za harusi na sendofu, kwa hiyo eksteno haichomoki kutwa nzima. Mausi ikaanza visa, nasukuma mshale hauendi, halafu ghafla unaruka hadi kona nyingine unafuta kipande ambacho sikutaka kukifuta. Nikabadili betri. Nikanunua mausi nyingine ya elfu 25, ujinga ule ule. Shemeji yenu akaniuliza kwani panya wa humu ndani hawatoshi.

Ndiyo nikaenda kwa fundi. Kaiwasha, kakunja uso kama daktari, akasema "Windows imechoka hii bro, na madebodi nayo inaanza kuchoka". Elfu 60. Nikamwambia kazi za watu ziko D, kile kipande cha pili cha diski ya laptopu, usiiguse D, akasema ondoa shaka. Narudi jioni mausi inateleza kama imepakwa mafuta, nikamlipa na hela ya soda juu. Nafika nyumbani, nachomeka eksteno, mausi inaganda!!! Na D haipo. Kaunganisha partisheni zote zikawa moja, sendofu ya mteja nilikuwa sijairenda (sijaitoa kuwa video kamili), na kadi za kamera nilishazifuta ili nitumie kazi nyingine. Laki tatu na nusu nimemrudishia yule mama na bado ananisema kwenye vikoba. (Najua, bakapu. Eksteno ilikuwa imejaa. Msinianze.)

Sasa kwa nini kwa fundi ilifanya kazi vizuri? Kwa sababu eksteno niliiacha nyumbani mezani! Basi. Ugonjwa wenyewe nimeuacha nyumbani, mgonjwa nimempeleka hospitali.

Iko hivi. Ile porti ya USB 3, mara nyingi ina ulimi wa bluu kwa ndani, data ikipita humo kwa kasi inavujisha kelele za redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yenyewe na waya wa eksteno, hasa kama ni ule wa bei chee. Na kale kadude ka mausi, kale kanakochomekwa kwenye USB ya laptopu kupokea mawimbi yake, kanasikiliza hapo hapo kwenye 2.4. Ni kama unaongea na mtu kwa sauti ya chini halafu kuna spika ya kigodoro sikioni kwake. Intel wenyewe walitoa waraka mwaka 2012 wakalieleza tatizo hili, mwaka 2012 mkuu, na fundi ananiambia madebodi imechoka. Imechoka na nini, imelima?

Kwa hiyo sheria yangu ni moja tu, KADUDE KA MAUSI KAKAE MBALI NA ENEO LA USB 3. Nunua waya wa kurefusha USB, ule wenye dume huku na jike kule, wa USB 2 unatosha, mimi nilipata kwa elfu 5. Chomeka kadude kwenye ncha ya jike, ulete mezani karibu na mkono wako, mbali na eksteno na waya wake. Kuhamisha porti tu kwenda upande wa pili wa laptopu kunasaidia kidogo, kwangu ilipunguza lakini haikuisha, waya ndio ulioimaliza. Kujihakikishia ni dakika moja, anza kukopi faili kubwa, sukuma mausi uone, halafu itoe eksteno kwa utaratibu (usiinyofoe katikati ya kukopi), sukuma tena.

Waifai nayo, yako au ya jirani, inaweza kuchangia, kama rauta yako ina gigahezi 5 hamia huko, ila usianze na hilo. Uliuliza pia mausi gani ya kununua na kitu gani sijui kuhusu kibodi, hiyo watakujibu wengine, mimi kwenye kununua mausi sina heshima tena.

Ila kesho kwa fundi huendi. Waya kwanza, halafu rudi hapa useme.