Modeli nyingi, gridi ya mwenye mmoja

Mkianza mradi wa ghorofa kwenye Revit, programu ya kuchora majengo kwa modeli za kompyuta, msanifu akiwa na modeli yake, mhandisi wa miundo na yake, watu wa umeme na mabomba nao na zao, kubalianeni mapema nani mwenye gridi, yaani ile mistari ya marejeleo yenye majina kama C au D. Huyo peke yake ndiye achore mistari na ndiye aisogeze. Wengine wafuate. Mara nyingi napendekeza awe msanifu kwa kuwa ndiye anayetangulia kuchora, ila kwenye ghala la vyuma sioni tabu mhandisi akiishika.

Nalishikilia hili kwa sababu nguzo na misingi yote hupimwa kutoka kwenye mistari hiyo. Katika mradi mmoja niliouratibu, mstari C ulisogezwa milimita 150 upande wa msanifu ili ngazi ipate nafasi. Gridi ya upande wa miundo ilikuwa imechorwa kwa mkono kwa kufuatisha ile ya msanifu, kwa hiyo haikusogea, na programu haikutoa onyo lolote. Kila mchoro ukiutazama peke yake ulikuwa sawa kabisa. Tofauti iligundulika saiti, vigingi vimeshapigwa na kamba zimeshafungwa.

Ndiyo maana nasema usifuatishe kwa mkono. Unganisha modeli ya mwenye gridi, asili kwa asili (nukta ya mwanzo ya modeli yake juu ya ile ya modeli yako) au kwa koordineti za pamoja (mfumo mmoja wa kuonyesha mahali) kama mmeshakubaliana, kisha ipige pini isisogee. Nenda Collaborate, chagua Copy/Monitor, zana inayonakili mistari na kuifuatilia ikibadilika, halafu Select Link. Kabla ya kunakili chochote fungua Options: hakikisha hakuna herufi za kuongezwa mbele au nyuma ya jina la mstari, na uchague aina ya gridi inayotumika ofisini kwenu. Ukimaliza kunakili, pini mistari yako pia.

Tangu hapo, mwenye gridi akisogeza mstari nawe ukapakia upya modeli yake, Revit itakwambia kiungo, yaani modeli uliyoiunganisha, kinahitaji Coordination Review, orodha ya mabadiliko ya kukaguliwa. Fungua orodha, soma mstari gani umeguswa, mpigie simu mhusika kama hukutaarifiwa, ndipo uamue kuusogeza wako au kuukataa. Postpone (kuahirisha) ni chaguo la hatari kuliko yote, kwa sababu jambo linabaki linaning'inia na kila mtu anadhani mwenzake ameshalishughulikia.

Wapo wanaouliza kwa nini wasiiache tu gridi ya kiungo ionekane kwenye michoro yao. Inawezekana, lakini mwenye modeli akiwa amevuta ncha za mistari ndani ya mwonekano wake tu, kwako mistari itatokea kwa urefu wake wa asili, na yale maduara ya herufi yatakaa hovyo kwenye karatasi. Ukiwa na nakala yako unazipanga ncha kwa Scope Box, kisanduku kinachoweka mipaka ya mistari, na plani zote za jengo zinakaa sawa. Kisha zima gridi ya kiungo: Visibility/Graphics, Revit Links, Custom, kwenye Annotation Categories. Lifanye hilo ndani ya kiolezo cha mwonekano (View Template), mipangilio inayotumika kwa plani nyingi kwa pamoja. Ukienda plani moja moja, ipo moja utakayoisahau.

Kwa mwenye gridi nina ombi moja: sogeza, usifute na kuchora upya. Mstari mpya hata ukiupa jina lilelile la C, kwa programu ni kitu kingine. Vipimo vilivyoshika ule wa zamani vinapotea, na nakala za wenzako zinabaki hazina cha kufuata.

Kuna pengo moja ambalo Copy/Monitor haizibi. Inafuatilia mistari uliyoichagua tu. Msanifu akiongeza mstari mpya kati ya D na E, hutapata onyo, na nakala haitajileta yenyewe. Kwa hiyo ninaweka plani moja ya kazi, isiyochapishwa, ambamo gridi ya kiungo imeachwa wazi na kupewa rangi nyekundu, na yangu ni nyeusi. Kila nikipakia modeli upya naipitia. Mstari mwekundu usio na mweusi juu yake ni mgeni, nami naunakili siku hiyohiyo, kabla mtu hajaweka nguzo.