Ukitaka Kuandika Mapenzi ya Singo Maza, Anza na Mtoto

Jumapili nilipokea ujumbe wa msomaji kutoka Songea. "Shikamoo dada. Simulizi yako nimeimaliza kwa siku mbili. Na mimi ni singo maza, nataka kuandika riwaya ya mapenzi ya mwanamke kama sisi, ila kila nikifika pale mwanamume anapotokea nakwama. Nifanyeje?"

Nilianza kumjibu kwenye simu, jibu likawa refu. Nikaona bora niliandike hapa, maana najua mpo wengi mnaotaka kuandika na mmekwama palepale.

Ijumaa iliyopita nilituma sehemu ya 64, ya mwisho, ya simulizi yangu ya singo maza Rehema na fundi friji wake. Watu 212 walilipa shilingi 3,000 kila mmoja kuisoma kwenye WhatsApp. Nimeiandika usiku, kwenye chumba kimoja cha kupanga hapa Kihonda, Morogoro, binti yangu amelala kitanda hichohicho nilichokalia. Najivunia, na sioni sababu ya kuficha. Riwaya hiyohiyo, mwaka 2021, ilikataliwa.

Mswada wa kwanza Rehema alikuwa na mtoto, lakini ukurasa wa pili nilishampeleka kwa bibi yake Mahenge ili asinisumbue. Mwanamume nilimpa gari, nyumba ya ghorofa na tabia isiyo na doa. Wanakutana, analipa madeni yote ya Rehema, wanaoana. Nikaupeleka kwa mchapishaji mmoja. Mhariri akaniambia mwanamke mwenye mtoto hauziki kwenye mapenzi, nimwondoe mtoto kabisa, Rehema awe binti.

Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka Msamvu, na nauli ninayo mkononi. Maneno yale yalikuwa ya pili kwangu. Mwaka uliotangulia, mama wa kijana aliyetaka kunioa alisema mbele yangu kwamba mwanawe hawezi kuanza maisha na mzigo wa mwanamume mwenzake. Huyo aliyeitwa mzigo alikuwa na miaka mitatu, amenishika kidole. Mpaka leo nikilikumbuka hilo kifua kinabana.

Mswada ukakaa kwenye bahasha, sikuandika kitu kwa mwaka mzima.

Kilichonirudisha ni ufunguo. Kuna kaka alikuwa anatutembelea siku za Jumamosi. Mara ya tatu, anataka kuondoka, ufunguo wa pikipiki haupo. Tulitafuta nusu saa, hadi chini ya godoro. Nikaukuta ndani ya ndoo ya unga. Nilijua ni binti yangu, nikaamini hamtaki yule mgeni. Usiku nilipomuuliza kwa upole akanijibu, "Nikimpa ataondoka kama baba."

Niliamka saa nane za usiku nikafungua ile bahasha. Mtoto nikamrudisha kutoka Mahenge. Rehema akawa muuza barafu za ukwaju ambaye friji lake limekufa, mwanamume akawa fundi aliyekuja kulitengeneza, na kijana wa Rehema akamfichia bisibisi. Kutoka hapo sikukwama tena. Yule kaka tuliachana baadaye kwa amani, hayo si ya leo.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Songea, unakwama kwa sababu unamtafutia mwanamume nafasi kwenye nyumba ambayo mtoto hayumo. Mweke mtoto kwanza. Awe na homa siku ambayo mama yake amealikwa chakula cha jioni. Awepo wakati wananong'ona barazani, aulize kwa sauti kwa nini wananong'ona. Wasomaji wangu hawakulia kwenye busu. Walilia sehemu ya 31, pale fundi aliponunua chipsi sahani tatu bila kuambiwa na mtu. Dada mmoja aliniandikia kwamba aliisoma sehemu ile ndani ya daladala, akapitilizwa kituo.

Na miaka uihesabu vizuri. Rehema alipata mimba akiwa kidato cha tatu, 2019. Mimi kwa haraka nikamrudisha shuleni 2020 na sare yake. Mwalimu mmoja akanikumbusha kwamba ruhusa ya wasichana waliojifungua kurudi kwenye shule za serikali ilitangazwa Novemba 2021. Alisema kweli, na niliona aibu, maana mimi mwenyewe nilifukuzwa kwa mimba kabla ya ruhusa hiyo. Nilirudia sehemu tano. Rehema akasoma tuisheni jioni, akafanya QT, ule mtihani wa maarifa tuliopitia wengi wetu, ndipo akajiandikisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Fundi akakaa na mtoto nje ya kituo cha mtihani, wanakula embe. Ile ndiyo sura ninayoipenda kuliko zote, na nisingeiandika bila yule mwalimu.

Baba mtoto naye usimuue kwa ajali ili njia iwe nyeupe. Naona simulizi nyingi zinafanya hivyo. Baba watoto wetu wako hai, wana namba za simu, na wengine hawapokei. Rehema nilimpeleka ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatoa nafasi ya kuomba mahakama iamuru baba atoe matunzo, hata kama wazazi hawakuoana. Wasomaji kadhaa waliniambia walikuwa hawajui. Pia nilitaka Rehema ampende fundi akiwa hana shida ya ada ya shule. Mwanamke aliyebanwa na njaa anapokubali ndoa, msomaji anabaki na shaka kama ni mapenzi au ni unga.

Dada zangu, acheni kuwaombea msamaha wahusika wenu. Mnaandika mwanamke amezaa, halafu kurasa kumi anajutia, anajiita mchafu, anamshukuru mwanamume kwa kumkubali. Nani kawafundisha hivyo? Mtoto si dhambi ya kuoshwa na harusi. Mkiendelea kuandika hivyo, mabinti zetu watakuja kuyasoma na kuyaamini, na wale mama wakwe watazidi kupata nguvu. Mwandikeni mwanamke anayechagua. Anayesema "ngoja kwanza", na mwanamume akangoja.

Na ninyi mliosambaza sehemu zangu zote bure kwenye makundi, mjue ile shilingi 3,000 ilikuwa inanunua daftari za mtoto.

Mdogo wangu, marahaba. Andika sura tatu, mtoto awemo kwenye zote, kisha nitumie. Nitazisoma usiku, wangu akishalala.