Viumbe hivi au viumbe hawa? Swali kutoka kilindini

SWALI: Naandika makala ya watoto kuhusu wanyama wa ajabu wanaoishi chini kabisa ya bahari. Nilianza hivi: "Viumbe hivi vinaishi gizani." Mwenzangu ninayeandika naye akafuta, akaweka "Viumbe hawa wanaishi gizani." Hoja yake ni kwamba kiumbe ni kama kiboko na kifaru: umbo ni la ki-, lakini upatanisho ni wa a-/wa-. Nikakubali. Ukurasa wa pili yeye mwenyewe akaandika "matumbawe hawa", sikio langu likakataa. Tumekwama. Minyoo hii au minyoo hawa? Sifongo je? Kuna kanuni, au kila mtu na sikio lake?

JIBU: Kanuni ipo, na mwenzako ameishika vizuri, ila ameivuta hadi mahali isikofika. Sikio lako nalo halikukosea lilipokataa.

Nomino inayotaja mtu au mnyama huchukua upatanisho wa a-/wa-, hata kama kiambishi chake ni cha ngeli nyingine. Kiboko amezama, vifaranga wanalia, kipofu amefika. Hapo hakuna ubishi. Ubishi huanza kwa wanyama wenye umbo la m-/mi-, kwa sababu sikio limezoea kusikia mi- ya miti na mikeka. Mchukue mkunga, yule samaki mwenye mwili kama nyoka. Wingi wake ni mikunga, na mikunga wanaogelea, wala haiogelei. (Mkunga anayezalisha wanawake wingi wake ni wakunga. Angalia usije ukawateremsha wazalishaji mita elfu mbili chini ya maji.) Huko chini yumo mmoja ambaye mdomo wake ni mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili wake, mfuko mtupu uliofungwa kwenye mkia mrefu mwembamba. Huyo ukiwa nao wengi, sema "mikunga wenye midomo mipana". Mikunga wenye, midomo mipana: mi- mbili zimekaa jirani, moja ni ya mnyama na nyingine ni ya kiungo chake, na kila moja imeshika njia yake.

Minyoo ni vivyo hivyo. Najua kwa nini "minyoo hii" inatutoka kirahisi: wengi tumelijua neno hili kupitia dawa, na katika mazungumzo ya dawa minyoo ni ugonjwa, kitu cha kutolewa tumboni. Hatumwoni mnyoo akiishi. Kilindini utamwona. Mwaka 1977 wanasayansi walioshuka kwa nyambizi ndogo Alvin karibu na visiwa vya Galápagos walikuta chemchemi za maji moto zikibubujika kwenye sakafu ya bahari, takriban mita 2,500 chini. Kando ya chemchemi hizo walikuwapo minyoo wanaoweza kufikia urefu wa mita 2, kila mmoja ndani ya mrija wake mweupe, shungi jekundu limechomoza juu. Akishakomaa hana mdomo wala utumbo. Ndani ya mwili wake wamo bakteria wanaotumia kemikali za chemchemi, hasa salfaidi ya hidrojeni, kutengeneza chakula, na mwenye nyumba anakula kwa wapangaji wake. Ukiandika kuhusu hao, sentensi yako ya majaribio iwe hii: "Minyoo warefu wamejificha ndani ya mirija mirefu." Anayeandika "minyoo mirefu" amemgeuza mnyama kuwa sehemu ya mrija.

Sasa kiumbe. Hapa sikubaliani na mwenzako moja kwa moja, ingawa mwishowe nitampa ushindi. Kiumbe si sawa na kiboko. Neno hili limetoka kwenye kuumba, na -e ya mwisho ni ile tunayoikuta katika mtume, yaani aliyetumwa, na mteule, yaani aliyeteuliwa. Kiumbe basi ni kilichoumbwa. Neno lenyewe halidai kwamba kitu kinapumua wala kinatembea. Linadai tu kwamba kiliumbwa. Ndiyo maana katika lugha ya dini "viumbe vyote" inasikika bila kumkera mtu, maana milima na nyota zimo. Na ndiyo maana katika masomo ya biolojia "viumbe hai vyote" ina haki yake: mwembe ni kiumbe hai, uyoga ni kiumbe hai, na hakuna anayesema "mwembe huyu". Neno likikusanya wanyama pamoja na mimea, vi- ndiyo paa linalowatosha wote.

Kwa hiyo "viumbe hivi" si kosa la mtu asiyejua Kiswahili, na mhariri anayeifuta popote anapoikuta amekariri kanuni nusu.

Lakini makala yako ni ya kilindini, na kilindi kinakunyima kisingizio hicho. Ukishapita mita 200 mwanga wa jua unaobaki hautoshi mmea kujitengenezea chakula. Ukipita mita 1,000 hakuna mwanga wa jua kabisa. Huko hakuna nyasi bahari, hakuna mwani unaoota. Kila utakachokitaja kwa jina katika makala yako, kama ni kiumbe, basi ni mnyama, hata akiwa amesimama wima kama ua. (Bakteria tuwaweke kando; mimi huwapa a-/wa- kama nilivyofanya hapo juu, nanyi mkisema "bakteria hizi" sitagombana.) Pasipo na mimea ya kuhifadhi chini ya vi-, hakuna sababu ya kuitumia. "Viumbe hawa wanaishi gizani." Mwenzako ameshinda, kwa sababu ambayo hakuitaja.

Tuje kwenye matumbawe, aliposhindwa. Ni kweli matumbawe ni kazi ya wanyama, na kilindini yapo pia, yale ya maji baridi yasiyohitaji jua. Ila neno matumbawe halimtaji mnyama. Linataja mawe: ile ngome iliyojengwa, inayokwaruza mguu na kutoboa mashua. Anayeijenga ni mnyama mdogo anayeitwa polipu. Ukitaka kusema kweli ya sayansi bila kuumiza sarufi, watenganishe: "Polipu hawa wamejenga matumbawe haya." Mjenzi amepata wa-, jengo limepata ya-. "Matumbawe hawa" ni kama kusema "kichuguu huyu" kwa sababu mna mchwa ndani.

Sifongo ni mgumu zaidi kwa sababu neno ni lilelile kwa mnyama na kwa kifaa cha kuogea. Kilichokauka bafuni: sifongo hii, sifongo hizi. Aliye hai sakafuni mwa bahari, akichuja maji usiku na mchana, ambako mchana wenyewe ni usiku: sifongo huyu. Wako wa kilindini ambao mifupa yao imejengwa kwa silika, madini yaleyale yanayotengenezewa kioo. Andika "sifongo hawa wa kioo" na mtoto atajua kwamba unamzungumzia mnyama, kabla hujamwambia. Naona huo ndio uzuri wa upatanisho wetu: neno dogo kama "hawa" limefanya kazi ya sentensi nzima ya maelezo.

Majina ya maneno mawili nayo yana mtego. Kiti cha pweza ana mikono mitano na anatambaa, si fanicha. "Cha" ya katikati imeganda ndani ya jina, iache hapo, lakini nje ya jina mtendee kama mnyama: "Kiti cha pweza huyu amepoteza mkono." Wingi: "Viti vya pweza wanne wanatambaa matopeni." Sikio litasita mara mbili tatu, kisha litazoea. Jongoo pwani hana shida ya upatanisho, shida yake ni anwani. Ni miongoni mwa wanyama wanaoonekana kwa wingi kwenye nyanda za sakafu ya bahari, kilomita kadhaa chini, mahali ambapo pwani haijawahi kusikika. Kwa huyo wa kilindini ningeandika jongoo bahari. Na yule anayeitwa ngisi-vampaya si ngisi wala hanyonyi damu. Carl Chun, Mjerumani aliyemwelezea kwa mara ya kwanza mwaka 1903, alidhani ni pweza. Baadaye ikabidi apewe oda, yaani kundi la uainishaji, yake peke yake. Chakula chake ni mabaki yanayodondoka kutoka juu, vipande vya waliokufa na vinyesi vyao. Jina limemsingizia, lakini upatanisho angalau haudanganyi: ngisi-vampaya huyu.

Umoja na wingi unaweza pia kukutoa jasho ukifika kwa sifonofora. Kwa macho ni kamba moja ndefu inayoelea na kung'aa. Kwa kweli ni ukoo wa vijimwili vingi vilivyoungana, vingine vya kuogelea, vingine vya kukamata mawindo, vingine vya kuzaa, na hakuna kinachoweza kuishi peke yake. Mwaka 2020 mmoja alionwa nje ya pwani ya Australia Magharibi akiwa amejizungusha, na duara lake la nje lilikadiriwa kuwa na urefu wa mita 47. Huyu au hawa? Mimi nasema "sifonofora huyu" kwa umbo zima, na "vijimwili vyake" kwa sehemu. Siafu tunasema hawa kwa sababu kila mmoja ana miguu yake na anaweza kukuuma peke yake. Sifonofora hana huyo mmoja wa kutoka kundini.

Umenielewa hadi hapo, sasa niharibu kidogo. Kuna wakati mnyama anaruhusiwa kutoka kwenye a-/wa-, nao ni pale unapomkuza au kumdunisha kwa makusudi. Nyoka huyu akiwa wa kutisha anakuwa joka hili. Mtoto huyu akiwa wa kudharauliwa anakuwa kitoto hiki. Kilindi kimejaa nafasi za kucheza mchezo huo, na nafasi bora kuliko zote ni ya samaki mvuvi. Jike lake ndilo lenye mshipi na chambo: ufito umeota kichwani, nchani pana mwanga unaotolewa na bakteria, na samaki mwingine akiusogelea anamezwa. Dume ni mdogo mno. Katika baadhi ya spishi dume huyo akimpata jike humng'ata, akaganda hapo, ngozi ikashikana na ngozi, damu ikawa moja, akalishwa naye maisha yake yote. Mwaka 1922 Bjarni Sæmundsson, mtaalamu kutoka Iceland, alimwelezea jike aliyening'inizwa visamaki viwili tumboni, akadhani ni watoto wake. Mwaka 1925 Mwingereza Charles Tate Regan akatambua kwamba wa namna hiyo ni madume.

Ona nilivyoandika: visamaki viwili, halafu madume. Sæmundsson aliviona vidogo, nami nikavipa vi- ya udogo. Regan alipowarudishia cheo chao nikawarudishia na upatanisho: madume hawa. Hata ile "jike lake ndilo" niliiacha makusudi, kwa kuwa mbele ya kijiume hicho jike ni jitu. Katika sentensi ya kawaida ningesema jike huyu. Ukiwa na ngisi mkubwa mno, yule ambaye Tsunemi Kubodera na mwenzake walimpiga picha akiwa hai kilindini mwaka 2004, picha ambazo hakuna aliyewahi kuzipata kabla yao, unaweza kusema "dude hili" na mtoto akatetemeka vizuri. Ukitaka kumkuza kwa jina lake mwenyewe, ngoma ikikua huwa goma, basi ngisi akikua ni gisi. Sijamsikia mtu akilitamka, ila sarufi hailikatazi. Sharti moja tu: ukianza na "dude hili lilinyoosha mikono", usirudi kwenye "akamkamata" ndani ya sentensi ileile.

Hukuuliza, lakini nimeona kwenye barua yako "kina cha bahari" mahali ulipokusudia kilindi. Kina ni kipimo, kilindi ni mahali. Mwaka 2022, katika handaki la Izu-Ogasawara kusini mwa Japani, kamera iliyoteremshwa hadi kilindini ilimnasa samaki mchanga akiogelea kwenye kina cha mita 8,336. Aliishi kilindini, akapimwa kina. Na "bahari kuu" mliyoiweka kwenye kichwa cha habari ni bahari iliyo mbali na nchi kavu, hata juu juu ambako meli zinapita. Papa anayeota jua huko yuko bahari kuu na hayuko kilindini. Badilisheni kichwa.